Kijiko cha Nne

Katika miaka yote aliyokula mshahara wa upelelezi, Inspekta Kicheko hakuwahi kumwona mshtakiwa anayegombania ukubwa wa kosa lake. Wengi huomba lipunguzwe. Huyu aliyeketi mbele yake katika chumba cha mahojiano cha mahabusu alitaka aandikiwe lote, na asibakiziwe mtu mwingine hata chembe. Tai walimvua getini, lakini vidole vyake bado vilikuwa vikiikaza pale ilipozoea kukaa.

"Andika, Afande. Kampuni ilikuwa yangu. Mpango ulikuwa wangu. Wengine wote niliwaajiri."

"Na Shangazi?"

"Shangazi alipika chai."

"Basi?"

"Na kufagia."

Kicheko hakuandika kitu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Wenzake walimwita Kicheko kwa sababu alikuwa akicheka mahali ambapo mpelelezi mwingine angepiga meza, na watu wakisikia kile kicheko hujisahau wakaongea. Hata hivyo kwa huyu bwana hakikufanya kazi. Aliongea bila kusubiri kuchekewa.

Kila mtu alimwita Mkurugenzi, na kweli alifanana na cheo: tumbo la heshima, mvi mbili tatu mahali panapofaa, na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Alikaa katika ofisi nzuri, nyuma ya meza yenye mfano wa jengo la ghorofa uliotengenezwa kwa plasta, na miti yake ya sponji. Watu waliingia, wakauangalia mfano, wakamsikiliza Mkurugenzi, wakalipa amana za nyumba ambazo hazingejengwa kamwe juu ya kiwanja cha watu waliokuwa ng'ambo wala hawakujua lolote. Kwa kifupi, waliuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe la kuazima.

Yeye na Shangazi, kama wote walivyomwita mpika chai wa ofisi ile, walikuwa wamekiri kosa. Kilichobaki ni adhabu, na hapo ndipo hakimu alipomshtua kila mtu. "Kosa ni moja, lakini mizigo haitoshani," alimwambia mwendesha mashtaka. "Kabla sijatoa adhabu, nataka nijue nani alikuwa kinara na nani alikuwa kibarua." Kinara angeondoka kwa miaka mingi. Kibarua, kama hakuwa na rekodi mbaya, huenda angelala kwake.

Mwendesha mashtaka aliona swali hilo ni la kupoteza muda. Alitaka ripoti ya ukurasa mmoja yenye jina la Mkurugenzi. Kicheko angeshaiandika, kama si kitu kimoja kilichokuwa kikimkera.

"Kile kiwanja ulikipataje?" akauliza.

"Kwa maono, Afande."

"Maono ya nini?"

"Ya maendeleo! Tuliuona mji unapanuka, tukasema familia zinahitaji paa, watoto wanahitaji pa kuchezea..."

"Nimekuuliza kiwanja. Sikuomba hotuba. Mikataba nani aliitunga?"

"Mimi."

"Kifungu cha kurudisha amana kilisemaje?"

Mkurugenzi akakohoa. "Kilisema vizuri."

Basi, ndicho hicho. Kinara gani asiyejua mtego wake ulivyotegwa? Wiki nzima Kicheko alikuwa akiamini kwamba kuna mtu aliyemnong'oneza, kwa sababu mashahidi walisema alikuwa akiinamisha kichwa upande wa kushoto kila anapozungumza. Kicheko akawaza kifaa kidogo cha sikioni. Akampeleka kwa daktari kwa mbwembwe zote, na askari wawili wa kusindikiza. Daktari alichungulia lile sikio, akatoa bonge la nta, akamkabidhi Kicheko kwenye pamba. Kituo kizima kilikuwa bado kinamcheka, naye alikuwa akicheka nao.

Askari akaingiza chai. Kicheko akachota sukari, akamtilia mgeni wake kijiko kimoja, kwa adabu tu, akamsogezea kikombe.

Mkurugenzi akakirudisha kana kwamba kinamuunguza. "Hapana, Afande, sukari! Daktari alinikataza zamani. Mke wangu akiniona nayo hatanisamehe. Mimi ni chai kavu, mwaka nenda mwaka rudi."

"Hata kule ofisini?"

"Kule ofisini sikunywa kabisa. Kikombe kilikaa tu mezani."

Alisema hivyo akaona amekosea, maana vidole vilirudi haraka kuikaza ile tai isiyokuwepo. Kicheko akakoroga chai yake polepole. Alikuwa anamkumbuka shahidi wake wa kwanza, mwalimu mstaafu, aliyesimulia kwa uchungu jinsi alivyoingia mkenge: *Yule mama akaleta chai, akamtilia bosi wake sukari, akamkorogea, akatoka. Ndipo bosi akanitajia amana.*

Nani anamtilia sukari mtu asiyetumia sukari, na kila siku?

"Mkurugenzi," akasema, na safari hii hakucheka, "unajua tofauti ya kinara na mfuasi ni miaka mingapi ya kukaa mbali na mkeo?"

"Najua."

"Sasa unang'ang'ania nini?"

Yule bwana akaangalia mlango, akashusha ile sauti ya kukodishwa mpaka ikabaki sauti ya mtu. "Afande, una mama mkwe?"

"Ninaye."

"Anakupenda?"

"Kwa siku anazotaka."

"Wangu hakuwahi. Mimi ni mshereheshaji wa harusi. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kushika kipaza sauti kwenye sherehe za watu. Mama mkwe alikuwa akisema binti yake ameolewa na spika, boksi la kupayuka maneno ya wengine. Nikifika kwake, kwenye viti kunakuwa na mikoba. Kila kiti kina mkoba, nasimama. Siku niliyoingia na suti na kadi ya Mkurugenzi Mtendaji, aliondoa mkoba mwenyewe, kwa mkono wake. Akanambia, kaa, baba. Sasa anakuja mahakamani kila siku. Anikute jambazi mkubwa, sawa. Lakini asisikie kwamba hata kwenye ujambazi nilikuwa spika."

Ameamua kufa na tai shingoni, Kicheko akawaza, na hata tai yenyewe hana. Alimwonea huruma waziwazi. Akampa mkono, akatoka nje akikimbia.

Alisimama uani, chini ya kamba za nguo za askari, akapiga simu. Wa kwanza alikuwa nesi aliyelipa zaidi ya wote.

"Sukari?" nesi akasema. "Nakumbuka sana. Vijiko vitatu, tena vya kujaza! Nilitaka kumwonya, nikaona nitamvunjia heshima. Hapohapo akaniambia kwa jinsi anavyoniona, nyumba ya chini hainifai, nichukue ya juu yenye roshani mbili. Nami nikachukua."

Wa pili alikuwa fundi wa majokofu. Huyu hakutapeliwa. Alikuwa ameandikisha maelezo kwa sababu alifukuzwa, na bado alikuwa na kinyongo.

"Kwangu hakutia hata kidogo," akasema. "Aliweka kikombe, akaondoka. Yule bwana alikuwa katikati ya maneno matamu, ghafla akasimama, akanipa mkono, eti nafasi zimejaa. Nilidhani ni kwa sababu ya ovaroli langu."

"Kabla ya chai ulikuwa umeuliza nini?"

"Niliomba kuona hati ya kiwanja."

Kicheko akakata simu, akacheka mpaka askari aliyekuwa anaanua soksi akaziangusha. Aliwahi kuhudhuria harusi iliyoshereheshwa na Mkurugenzi huyuhuyu, ya binti wa dada yake, na sasa ndipo alipomtambua, akaiona tena picha yote. Bibi harusi amefika mlangoni, ukumbi umesimama, na bwana mwenye kipaza sauti yuko kimya. Macho yake yako pembeni ya jukwaa, kwa mama mmoja wa kamati. Yule mama alipoinua kipepeo chake cha kujipepea, bwana akafunguka. Alipokishusha, akafunga mdomo. Ndivyo wanavyofanya kazi watu wale. Mshereheshaji haamui lolote: anatazama mkono wa kamati, halafu anaufanya usikike.

Jioni hiyohiyo akaenda upande wa wanawake. Shangazi alikuwa ameketi kwenye benchi akifuma kitambaa cha meza, mwanamke mdogo wa kilemba na ndala, mpole kiasi kwamba mlinzi alikuwa amemwazima mto.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, Shangazi. Nina swali moja dogo. Ulijua walichokuwa wanafanya mle ofisini?"

"Masikio yangu yalikuwa jikoni, mwanangu. Nimekiri kwa sababu nilikula mshahara wao. Mungu anisamehe."

"Mkurugenzi ulikuwa unamtilia vijiko vingapi vya sukari?"

Sindano ilisimama, kisha ikaendelea. "Anavyopenda mwenyewe."

"Anapendaje?"

"Inategemea na siku."

Karibu na benchi, mlinzi alikuwa amepanga vikombe vya wafungwa ovyoovyo. Shangazi, bila hata kutazama, alinyoosha mkono akavigeuza mishikio yote ikaelekea upande mmoja. Hakuvumilia kazi iliyofanywa shaghalabaghala. Kicheko aliagana naye kwa heshima zote, na usiku huo alilala usingizi wa mtoto.

*

Asubuhi, kwa ombi la Kicheko, mahakama ilihamia kwenye ile ofisi. Mwendesha mashtaka alilalamika njia nzima, na wakili wa Shangazi alikuwa na pingamizi tayari.

"Mheshimiwa, tunaambiwa mteja wangu ni kinara kwa sababu ya sukari. Sukari si ushahidi!"

Hakimu, aliyekuwa na mafua, alijipangusa pua. "Tuionje kwanza, wakili."

Vumbi lilikuwa limetanda juu ya ghorofa ya plasta. Mkurugenzi alirudishiwa tai yake kwa ajili ya zoezi hilo, na alipoketi kwenye kile kiti kikubwa alionekana kupona. Shangazi aliwekwa kwenye kiti cha ukutani, nyuma kabisa, na askari wake. Mlangoni, kwa kuwa mahakama ni ya wazi, alisimama mama mrefu mwenye mkoba mweusi na midomo iliyobanwa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Mkurugenzi alipomwona, alikaza tai.

"Kazi yako ni rahisi," Kicheko akamwambia. "Ionyeshe mahakama ulivyokuwa ukiongoza mambo. Mteja wako ni huyu hapa."

"Mimi?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Unanunua nyumba. Kaa."

Mkurugenzi akaanza. Jamani, aliweza! Alimuuliza mwendesha mashtaka kuhusu watoto, akamsikitikia kwa kodi anayolipa, akamwonyesha kwa kidole dirisha la plasta ambalo jua lingeingilia asubuhi. Mwendesha mashtaka alianza amekunja uso, na baada ya muda alikuwa ameegemea mbele akiuliza kama kuna mahali pa kuegesha gari.

Kicheko aliingia na sinia. Akaweka kikombe mbele ya Mkurugenzi. Hakutia sukari. Akasimama.

"...na maegesho yatakuwa chini ya..." Mkurugenzi akakiona kikombe. Mdomo wake ulijaribu kuendelea na safari, lakini miguu ilikuwa imeshainuka, mkono umeshanyooshwa. "Kwa bahati mbaya, mheshimiwa, nafasi zimejaa. Tutakutafuta."

"Zimejaa?" mwendesha mashtaka akasema, na ilisikika kwamba ameumia.

Mkurugenzi akaketi, jasho likimtoka. Kicheko akambadilishia kikombe. Safari hii yule bwana alifumba macho asione, akaendelea na hotuba yake kuhusu bustani. Lakini kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara moja, na masikio yalikuwa wazi, hasa lile lililotolewa nta.

"Amana ndogo tu inatosha," ulimi wake ukasema. "Tusikubebeshe mzigo."

Kikombe kingine, kijiko kikagonga mara tatu.

"Lakini kwa mtu wa hadhi yako, hapana! Nyumba ya chini haikufai. Chukua ya juu, roshani mbili, upepo mpaka chumbani!"

Watu walianza kucheka. Hata hakimu alijificha kwenye leso, na haikuwa kwa mafua. Wakili wa Shangazi alisimama, akaketi tena. Kicheko alikuwa akijiuma mdomo kwa ndani. Bado kidogo. Akaleta kikombe cha mwisho, akatia sukari kijiko kimoja, viwili, vitatu. Akasubiri.

Kisha akatia cha nne.

Mkurugenzi akaganda. Alikuwa amefungua mdomo na hakuna kilichotoka. Akakitazama kikombe. Akamtazama Kicheko. Halafu, mbele ya mahakama nzima, mkurugenzi mtendaji wa kampuni akanyoosha shingo juu ya kichwa cha mwendesha mashtaka, akamwangalia mpika chai ukutani kwa macho ya mtu aliyepotea njia na kumwona mwenyeji.

Shangazi alikuwa ameinamia mikono yake. Alivumilia, alivumilia sana, lakini kazi yake ilikuwa inaharibiwa hadharani.

"Hakuna vinne, we!" akafoka. "Mwisho vitatu! Mara ngapi nimekwambia?"

Kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Hapo Kicheko hakuweza tena. Aliangua kicheko kilichojaza ofisi, akalazimika kushikilia jengo la ghorofa asianguke, na mti mmoja wa sponji ukang'oka. Ilikuwa furaha tupu, na hakuona haya. Hakimu alingoja amalize.

"Mkurugenzi," akasema. "Nimeona. Lakini nataka kusikia kwako. Nani alikuwa anaongoza?"

Yule bwana akageuka mlangoni. Mama mkwe alikuwa hajacheka na wala hakuwa amenuna. Alikuwa anasubiri, mkoba umebanwa kwapani. Kicheko alijua kwamba sukari yote ya dunia isingemsaidia huyu mtu kama angesema tena ni yeye. Akajikuta anamwombea kimoyomoyo.

Mkurugenzi akalegeza tai. Akaivua kabisa, akaiweka mezani kando ya vikombe.

"Ni Shangazi, Mheshimiwa," akasema kwa ile sauti ndogo. "Kiwanja alikitafuta yeye, mikataba aliitunga yeye, fedha alizikusanya yeye. Mimi nililipwa kwa siku. Nilijua ni uongo, na watu waliumia kwa mdomo wangu, hilo ni langu, sikatai. Lakini sikuwa bosi. Nilikuwa..." Akatafuta neno, akamtazama yule mama. "Nilikuwa spika."

*

Adhabu zilisomwa baada ya mapumziko, kule mahakamani. Shangazi, kama kinara, alipata miaka mingi na amri ya kurudisha amana za watu. Aliipokea kwa utulivu, akamwomba askari asimkunjie vibaya kitambaa chake. Kwa Mkurugenzi, hakimu alisema mdomo uliotumika si mdogo kama mwenye nao anavyodhani, kwa hiyo hatoki bure. Lakini aliyebeba mpango na aliyebebeshwa hawawezi kupimwa kwa mizani moja. Kifungo cha nje, na kazi katika hospitali ya umma mpaka muda wake uishe, pale wagonjwa wanapoitwa kwa majina na hakuna anayesikia.

"Wana uhaba wa sauti," hakimu akasema, akapiga chafya, akaondoka.

Mkurugenzi alishuka kizimbani kama mtu asiyeamini sakafu. Mkewe alimrukia shingoni, akalia, akacheka, akalia tena. Lakini macho ya yule bwana yalikuwa yamekwenda kwenye benchi la mbele. Mama mkwe alikuwa ameketi wima, na mahali pa pembeni yake, palepale pa siku zote, palikuwa na mkoba.

Akasimama mbele yake. Hakujua aweke wapi mikono.

"Mama," akasema. "Umesikia."

"Nimesikia." Yule mama alimtazama kutoka juu hadi chini. "Kwa hiyo ile kadi ilikuwa ya uongo."

"Ndiyo, mama."

"Na ile suti?"

"Ya kukodi."

"Na miezi yote hii nilikuwa nalala nikijiuliza, mtu aliyeshindwa kupanga harusi yake mwenyewe, mpaka keki ikaja kesho yake, amewezaje kupanga wizi mkubwa hivi?" Midomo iliyobanwa ikaanza kutetemeka pembeni. "Nilijua! Nilimwambia binti yangu, huyu hana akili hiyo. Akakataa!"

Na mama mkwe akacheka. Kilikuwa kicheko kizito kilichotoka tumboni, na Kicheko, aliyesimama nyuma kwenye mlango akijifanya anatafuta kalamu, akasikia amepata mshindani.

Yule mama alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. Kisha akaunyanyua mkoba, akauweka mapajani.

"Kaa, baba," akasema. "Pumzika kidogo, kisha twende nyumbani. Nimeacha chai kwenye chupa. Nimeitengeneza kavu."